Pima Mwili Kabla ya Kununua Chombo

Ukienda dukani kununua viatu vya mpira, huvichukui bila kuvivaa kwanza. Unaketi, unavaa kimoja, unatembea hatua mbili tatu, na kama vidole vinabanwa unamwambia mwenye duka akupe namba nyingine. Hapana mtu atakayekucheka kwa hayo. Lakini siku ya kununua pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, unauliza bei, unauliza inachukua lita ngapi, unalipa na kwenda zako. Nyumbani unampa mke wako au kijana wako aibebe, na mikanda ikimning'inia mpaka pampu inampiga matakoni kila hatua, unamwambia ajikaze.

Ndugu mkulima, nadhani hapo tunakosea, na kosa hilo linatugharimu kuliko tunavyofikiri. Katika mashamba ya settlement nguvu kazi kubwa ni mwili wa mwenye shamba na wa jamaa yake. Trekta hukodishwa siku mbili tatu kwa mwaka. Siku nyingine zote ni mgongo, mabega na mikono. Mgongo ukiharibika, hakuna duka linalouza mwingine.

Iko elimu inayoshughulika na kulinganisha kazi na mwili wa mtu, nayo huitwa ergonomia. Neno hilo lilitungwa mwaka 1857 na Mpoland mmoja, Wojciech Jastrzębowski, kutoka maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza maana yake ni kazi, la pili sheria. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1949, wataalamu wa Uingereza walilifufua na kuunda chama cha elimu hiyo. Shauri lake ni jepesi kueleza: usimlazimishe mtu akubaliane na chombo, bali chombo ndicho kitengenezwe kikubaliane na mtu.

Labda utauliza, mtu anayetengeneza mashine ng'ambo atajuaje kimo cha mke wangu aliye Ol Kalou? Swali hilo ni la maana sana, na jibu lake lapasa kujulikana.

Zamani mtengenezaji aliunda kiti au usukani kwa mbao, akamwita mfanyakazi mmoja aketi ajaribu, na kama havikufaa alivunja akaanza tena. Kazi hiyo ilikuwa ghali na ya polepole. Katika miaka ya 1960 William Fetter, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing huko Marekani, alichora kwa kompyuta umbo la mtu aliyeketi mahali pa rubani, ili ionekane kama mkono wake utafikia vyombo vilivyo mbele yake. Vyuo vikuu vikaendeleza kazi hiyo. Nottingham huko Uingereza walitengeneza mtu wao wa kompyuta, wakamwita SAMMIE. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikatengeneza mwingine, Jack. Wajerumani wanaye RAMSIS, ambaye leo hutumiwa sana na watengenezaji wa magari.

Mtu huyo hana nyama wala damu. Ni mifupa ya hesabu tupu, lakini viungo vyake hupinda kama vyetu. Goti lake halikunjiki kwenda mbele, wala kiwiko chake hakiendi nyuma. Mtaalamu anamketisha juu ya trekta ambalo bado halijaundwa, anamwambia akanyage klachi, na kompyuta inaonyesha kama mguu umefika, kama macho yanaliona gurudumu la nyuma, na kama mgongo unabeba uzito kupita kiasi. Akitaka kumfanya mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, ni kazi ya dakika moja. Kwa desturi huanza na mwanamke mfupi, ambaye kati ya wanawake 100 ni 5 tu wafupi kuliko yeye. Kisha humketisha mwanamume mrefu, ambaye kati ya 100 ni 5 tu wanaompita. Chombo kikiwafaa wawili hao, inatazamiwa kwamba kitawafaa karibu wote walio katikati.

Mimi naona hii ni akili nzuri sana. Lakini hapa ndipo penye shida yetu. Ule urefu wa mkono na wa paja waliompa mtu wa kompyuta waliutoa wapi? Waliutoa kwa kupima watu halisi. Upimaji mmoja mashuhuri ulifanywa na jeshi la Marekani mwaka 1988, na vipimo vya wanaume 1,774 na wanawake 2,208 vikachapishwa. Upimaji mwingine mkubwa, uitwao CAESAR, uliofanywa karibu na mwaka 2000, ulikuwa wa raia wa Marekani, Kanada, Uholanzi na Italia. Waliopima walifanya kazi yao barabara, wala siwalaumu. Lakini askari ni mtu aliyechaguliwa: ni kijana, ni mzima, amelishwa vizuri na kufanyizwa mazoezi. Mama wa miaka 55 aliyezaa watoto sita na kubeba kuni tangu utoto hakuwamo katika hesabu ile. Wala mkulima wa Kinangop au Lugari hakuwamo katika ile ya pili. Kwa hiyo yule "mwanamke mfupi" wa kompyuta ni mfupi wa kwao. Wa kwetu huenda kompyuta haimjui kabisa.

Tena hata kwao wenyewe kutengeneza chombo kwa kipimo cha mtu wa wastani kulikwisha kuwashinda. Jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani 4,063, na mwaka 1952 Gilbert Daniels alitoa taarifa yake. Alichukua vipimo 10, kama vile kimo, kifua, urefu wa mkono na mzunguko wa paja, akatafuta ni marubani wangapi walio wastani katika vyote 10. Hakupata hata mmoja. Mwenye mikono ya wastani ana miguu mirefu. Mwenye kifua cha wastani ana kiuno kipana. Tangu hapo wakaona kwamba kiti cha rubani lazima kisogezwe mbele na nyuma, na mikanda iweze kurefushwa na kufupishwa. Basi ukisikia mwuzaji anasema chombo chake ni cha "saizi ya kila mtu" na hakina mahali pa kurekebisha, jua kwamba hakikupimwa kwa mtu yeyote.

Sasa nataka uelewe kwa nini inchi chache huleta maumivu makubwa, maana wengi wanadhani mgongo huumia kwa uzee tu. Chukua debe lenye maji ya lita 20. Lina kilo 20, zaidi kidogo ukihesabu debe lenyewe. Ukilishika mbele yako kwa mikono iliyonyooshwa, liko kama sentimita 50 kutoka uti wa mgongo. Misuli ya nyuma inayokuzuia usianguke kifudifudi iko karibu sana na uti huo, kama sentimita 5 hivi. Ni kama mizani yenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Hamsini ni mara kumi ya tano. Kwa hiyo misuli lazima ivute kilo 200 ili kushindana na zile kilo 20. Hapo bado hujahesabu kichwa chako, mikono na kifua, ambavyo ukiinama navyo vinavuta kwenda chini. Mzigo huo wote huziangukia pingili za kiunoni na vile vipande laini vilivyo kati yake. Lisogeze debe lile lile mpaka likaribie tumbo, liwe sentimita 25 tu, na misuli inavuta kilo 100 badala ya 200. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa mzigo.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo anayofanyiwa mtu wa kompyuta kila anapoinama. NIOSH, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya kazini, imeweka kikomo cha niutoni 3,400 kwa kubanwa kwa pingili za kiunoni, yaani karibu uzito wa kilo 350. Ukirudi kwenye debe utaona kwamba kikomo hicho hakiko mbali. Ofisi hiyo hiyo mwaka 1991 ilitoa kanuni ya kuinua mizigo, na kikomo chake ni kilo 23, tena mzigo uwe karibu na mwili, uwe usawa wa mikono iliyoshuka, uwe na mahali pazuri pa kushika, na mtu asijipinde kiuno. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe chini zaidi sana.

Sasa fikiri juu ya gunia la mahindi la kilo 90 tulilolizoea. Fikiri juu ya lumbesa ya viazi, lile gunia linaloshonewa kofia juu yake. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema mfuko usizidi kilo 50. Wakulima waliifurahia sheria hiyo kwa ajili ya bei, maana lumbesa ilikuwa njia ya mnunuzi kupata viazi vya bure. Ni haki yao. Lakini ni nadra kusikia mtu akiitetea kwa ajili ya yule kijana anayebeba magunia kutoka shambani hadi barabarani wakati wa mvua, magari yasipoweza kuingia. Mnunuzi akikushawishi ushone kofia "mara hii tu", mkumbuke na kijana huyo, maana huenda ni mwanao.

Nitakupa habari ya mahali ambapo mpini wa jembe ulifikishwa mbele ya mahakama. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walipewa jembe lenye mpini mfupi sana, ambalo huwezi kulitumia bila kuinama kutwa nzima. Wenyewe waliliita "el cortito", maana yake kifupi. Wenye mashamba walisema mpini mrefu utaharibu miche. Tena jembe fupi lilimpendeza msimamizi kwa sababu nyingine: aliyesimama wima kupumzisha mgongo alionekana kutoka mbali. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku katika jimbo lile. Mboga ziliendelea kulimwa kwa majembe marefu, na wanunuzi hawakuzikosa.

Wewe huna haja ya kwenda mahakamani. Jembe tunalonunua kwetu mara nyingi ni chuma kitupu. Mpini tunaukata wenyewe, au tunauchagua sokoni kati ya mingi. Hiyo ni bahati kubwa ambayo hatuitumii. Mwenye trekta hawezi kurefusha mguu wa klachi, lakini wewe waweza kukata mpini ulingane na mtu. Kwa nini basi nyumba nzima inatumia mpini mmoja uliokatwa kwa kimo cha baba, na pengine baba mwenyewe halimi sana? Kila mtu mzima anayelima awe na mpini wake. Mti haugharimu kitu. Autwae mkononi ajaribu kulima hatua kumi, na kama unamlazimisha kuinama kupita alivyozoea, au ukimgonga kifuani anapoinua, ubadilishwe. Unene nao una maana: ukiushika, kidole gumba na kidole cha kati vikaribiane. Mpini mnene mno huchosha kiganja, na mwembamba mno hukifanya kiganja kukaza bila kupumzika. Wenye viganja vidogo wanajua ninayosema, ila hawaulizwi.

Kuhusu ile pampu ya mgongoni, pampu ya lita 20 ikijaa ina zaidi ya kilo 20. Hatari kubwa ni wakati wa kuiinua kutoka chini na kuirusha mgongoni huku kiuno kimepindika. Kubeba kwenyewe ni nafuu. Weka benchi au kisiki imara chenye kimo cha kiuno mahali unapochanganyia dawa. Jaza pampu ikiwa juu yake, geuza mgongo, vaa mikanda yote miwili, kisha simama wima. Mikanda ifupishwe mpaka pampu ikae juu mgongoni na kukaza. Kama mikanda imefika mwisho wa kufupishwa na bado inalegea kwa mtu mwembamba, chombo hicho si chake, hata kama bei ilikuwa nzuri. Mtu mwepesi ajaze lita 10 na kurudi mara mbili. Najua wengine watasema huo ni uvivu. Mwenye kusema hivyo aibebe yeye.

Mahali pa kuchagulia viazi au kukatia majani ya ng'ombe pia papimwe kwa mwili. Kanuni ni kiwiko. Simama wima, mikono ikining'inia, kunja mkono. Hapo kiwiko kilipo ndipo pa kuanzia. Kazi nyepesi ya kuchagua yataka meza iwe chini kidogo ya kiwiko. Kazi ya kukandamiza au kukata kwa nguvu yataka chini zaidi, ili uzito wa mwili ukusaidie. Tukiwa wengi wa vimo mbalimbali, meza ifanywe kwa aliye mrefu, na mfupi awekewe ubao wa kusimamia. Kufanya kinyume haiwezekani, maana mrefu hawezi kusimama shimoni.

Labda utasema, baba zetu walilima kwa jembe lo lote lililopatikana, wala hawakujua habari za kompyuta. Ni kweli, nao walilima. Lakini watazame wazee wa miaka 70 katika mkutano wowote wa baraza, uone ni wangapi wanaosimama kwa kushika magoti kwanza. Hatukuwauliza walilipa bei gani. Na wazee wale walijua jambo moja tulilosahau: mhunzi wa zamani alimjua kwa sura mtu aliyemfulia jembe. Leo jembe na pampu hutoka mbali, na aliyevitengeneza hamjui mtumiaji ila kwa vipimo alivyopewa. Usipokuwa katika vipimo hivyo, kwake wewe hupo.

Kwa hiyo nina mashauri mawili ambayo hayawezi kufanywa na mkulima mmoja peke yake. Kwanza ni vyama vya ushirika. Chama kinaponunua pampu 40 au mashine za kukatia majani kwa ajili ya wanachama, halmashauri huangalia bei na dhamana. Yafaa iombe chombo kimoja cha kujaribu kabla ya kutia sahihi, na kijaribiwe na watu watatu: mwanamke mfupi kuliko wote watakaokitumia, mwanamume mrefu kuliko wote, na mwenye umri mkubwa. Kijaribiwe kikiwa kimejaa, si kitupu. Mwuzaji asiyekubali jaribio la nusu saa ana jambo analolijua. Nami sioni sababu ya kuwaachia wanaume watupu kuchagua chombo ambacho kitabebwa na wanawake.

La pili ni kupimwa wenyewe. Vyuo vyetu, kama Egerton na Jomo Kenyatta, vina wahandisi wa kilimo. Kazi ya kupima wakulima wa Kenya, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, si kazi ya ajabu. Yataka mizani, rula ndefu, daftari na subira. Vipimo hivyo vikipatikana, vyaweza kutiwa katika kompyuta yoyote duniani, na mtu wa kompyuta akaumbwa mwenye mkono wa mkulima wa kwetu. Shirika la Viwango la Kenya nalo litakuwa na kitu cha kushika linapomwuliza mwagizaji: mikanda hii hufupishwa mpaka wapi? Mtafiti wa kazi ya namna hii akija kwenye settlement yenu, akiwa na barua ya chuo na amepita kwa chifu, msimfukuze kama mtu wa kodi. Mwombeni alete wanawake wa kuwapima wanawake, na aseme waziwazi hesabu zile zitakwenda wapi na nani atazitumia. Akikataa kueleza, mna haki ya kukataa kupimwa. Akieleza, wapelekeni hata wale wanaosema wao ni wafupi mno au wazee mno wa kupimwa, maana hao ndio aliokosa kuwapata mahali pengine.

Wakati tunawangoja, msimu wa dawa ya viazi unakuja. Itoe pampu stoo leo, ijaze maji matupu, na umwombe mama aivae akiwa mbele yako. Tazama mikanda inamkaa wapi.